Skrubu inayoyeyuka mkononi: imetengenezwa na nini, na iliwekwa lini?

Mfupa umeunga vizuri. Plasta ilitolewa wiki ya 4, vidole vinakunja na kunyooka, mwenye mkono amerudi kwenye boda yake. Wiki ya 11 hivi mgongo wa kiganja unaanza kuvimba. Unakuwa na joto kidogo, unawasha, na siku chache baadaye ngozi inapasuka na kutoa majimaji meupe mazito kama uji mwepesi. "Musawo, mkono umeoza ndani." Anapewa kloksasilini siku 5, halafu dawa nyingine kali zaidi siku 10, halafu sindano. Usaha ukipelekwa maabara, hakioti kitu.

Kama mtu huyo aliwekewa pini au skrubu ya PGA (polima ya asidi glikoliki, aina ya plastiki inayoyeyuka mwilini), mkono wake haujaoza. Unafuata kalenda ya kile alichowekewa, na kalenda hiyo inajulikana tangu miaka ya 1980. Ndiyo maana maswali mawili ya kwanza mbele ya mkono kama huu ni yale ya kichwa cha makala hii. Bila majibu yake, wembe na antibayotiki vyote ni kubahatisha.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Ukisema "kipandikizi" Uganda, wengi wanafikiria vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkono wa juu. Hapa tunazungumzia pini, skrubu, mabamba na nanga za kushikilia mifupa na kano za mkono, vilivyotengenezwa kwa kitu ambacho mwili unakivunja wenyewe ili mgonjwa asirudi kufanyiwa upasuaji wa kukitoa.

Saa mbili ndani ya kipande kimoja

Karibu vyote, ukiacha vile vya magnesi, ni polima za ukoo mmoja. Maji ya mwilini hupenya katikati ya minyororo yake na kuikata vipande, kazi inayoitwa hidrolisisi. Mwisho wa yote hubaki asidi laktiki au asidi glikoliki, ambazo mwili huziunguza kama unavyounguza chakula na kuzitoa kama kaboni dioksidi na maji. Kwenye karatasi hakuna uchafu unaobaki. Shida iko kwenye mwendo: asidi na vipande vikizalishwa haraka kuliko damu ya mahali hapo inavyoweza kuvibeba, vinarundikana, seli za ulinzi zinakuja kuvila, na uvimbe unaanza.

Kila kipande kina saa mbili. Ya kwanza hupima nguvu: ni lini kitaacha kushika mfupa. Ya pili hupima kuisha: ni lini hakitakuwepo tena. Kati ya saa hizo mbili kuna kipindi ambacho kipande hakishiki chochote lakini bado kimo ndani, na ndicho kipindi cha matatizo mengi.

PGA ndiyo yenye haraka. Sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea ndani ya wiki 4 hadi 6, na yenyewe inamalizika ndani ya mwaka. PDS, inayotumika kama uzi na kama pini nyembamba, hushika kwa wiki kadhaa hivyo hivyo na kuisha baada ya miezi 6 hivi. PLLA, polima ya asidi laktiki, ni mvivu: inashika kwa miezi mingi, lakini ina fuwele ngumu ambazo mwili unazitafuna polepole mno, hata mabaki yake yamewahi kukutwa kwa wagonjwa zaidi ya miaka 5 baada ya kuwekwa. PLGA ni mchanganyiko wa laktiki na glikoliki, na tabia yake inategemea uwiano; kadiri sehemu ya laktiki inavyozidi, ndivyo inavyokaa. Kwenye boksi tafuta herufi: PGA, PLLA, PDLLA, PLGA, PDS, TMC, Mg (magnesi). Jina la biashara peke yake halikuambii kitu, maana kampuni moja inaweza kuuza bidhaa mbili zinazofanana sura na kutofautiana kabisa kwa saa zake.

Sasa linganisha na mifupa. Mifupa ya vidole na ya kiganja huwa imeshikana kiasi cha kuanza kazi nyepesi ndani ya wiki 4 hadi 6. Skafoidi, ule mfupa mdogo wa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, unahitaji wiki 8 hadi 12 na mara nyingi zaidi. Pini ya PGA kwenye kiganja inafika mwisho wa nguvu yake wakati ule ule mfupa unaposhikana. Kwenye skafoidi inakufa katikati ya safari.

Uvimbe wa wiki ya 11

Takwimu zinazotajwa zaidi zinatoka Helsinki, Finland, alikofanya kazi mpasuaji Ole Böstman. Mwaka 2000 yeye na Harri Pihlajamäki walichapisha hesabu ya wagonjwa 2,528 waliowekewa pini, fimbo, boliti na skrubu za PGA au PLA (polima za asidi laktiki kwa ujumla, PLLA ikiwemo) sehemu mbalimbali za mwili. Waliopata mwitikio wa uvimbe usio na vijidudu, wa kiwango cha kuhitaji kushughulikiwa, walikuwa 108, yaani asilimia 4.3. Kati yao 107 walikuwa wa PGA, asilimia 5.3 ya wagonjwa 2,037, na kwa wastani ulitokea wiki ya 11. Kwa PLA alikuwa mmoja tu kati ya 491, na kwake ulikuja miaka 4.3 baada ya upasuaji.

Wauzaji wanapenda sana hiyo namba ya pili. Iangalie kwa jicho kali. Tatizo linalokuja baada ya miaka 4 linamfikia tu daktari ambaye wagonjwa wake wanarudi baada ya miaka 4.

Vitu vitatu viliongeza hatari katika hesabu ile: mfupa wenye damu haba, rangi ya kwinoni iliyochanganywa ili kipande kionekane vizuri wakati wa upasuaji, na umbo lenye eneo kubwa la kugusana na mwili, kwa mfano skrubu yenye nyuzi ikilinganishwa na pini laini. Skafoidi imebeba la kwanza tangu kuumbwa kwake, kwa sababu damu yake nyingi huingia kupitia ncha ya mbali, upande wa vidole, na kurudi nyuma. Ukiitia skrubu ya PGA ncha ya karibu, ile ya upande wa kiwiko, umechagua mahali ambapo mzunguko wa damu ni duni sana. Kipande chenye rangi ya kijani kikiwa kwenye kasha la zamani la msaada, kiache humo humo.

Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wa mkono. Mkono una lake: mgongo wa kiganja una ngozi nyembamba, na chini yake tu zinapita kano za kunyosha vidole. Mililita 2 za majimaji ambazo pajani zisingeonekana, hapo zinainua ngozi kama kichuguu. Kano ikilala juu ya uvimbe huo kwa wiki kadhaa inaganda, na mgonjwa aliyekuwa amepona anaanza kupoteza mkunjo wa kidole.

Miaka miwili baadaye, mitano baadaye

Polima za polepole zina ujanja mwingine. Mwaka 2010 madaktari wa Ugiriki walieleza wagonjwa wa mifupa ya kiganja waliowekewa mabamba na skrubu za kuyeyuka: mifupa iliunga bila shida, kila mtu akaridhika, halafu katika mwaka wa pili baadhi yao wakaanza kuvimba mahali pale pale. Kwa PLLA tupu kwenye mifupa ya uso, wapasuaji wa Uholanzi walishaona jambo hilo hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya miaka 3 baada ya upasuaji.

Fikiria hilo kwa mazingira ya hapa. Mgonjwa alipasuliwa Kampala, sasa analima Masindi au anaendesha lori la Juba. Kadi imelowa mvua. Anaingia kituo cha afya na kivimbe kigumu juu ya kovu la zamani, na hakuna hata mmoja anayefikiria upasuaji wa miaka 3 iliyopita, kwa sababu picha ya eksirei haionyeshi chuma chochote.

Pale inapogeuzwa kuwa TB

Hapa ndipo tungependa kila daktari na afisa wa kliniki apunguze mwendo, maana ni kosa linalofanyika kwa nia njema. Uvimbe wa baridi, kidonda chenye tundu lisilofunga, usaha usioota kitu, antibayotiki zisizosaidia: kwa Uganda, jina la kwanza linalokuja kichwani ni kifua kikuu, na si kosa kulifikiria. Kipande cha nyama kikipelekwa patholojia bila maelezo, jibu linaweza kurudi na granuloma (vinundu vya seli za ulinzi) na seli kubwa zenye viini vingi. Mwili hutengeneza picha hiyo hiyo kwa TB na kwa chembe za plastiki zinazoyeyuka. Mgonjwa anaanzishwa miezi mingi ya dawa za TB, na kwa kuwa chembe zinaisha zenyewe, uvimbe unapungua, na wote wanaamini dawa imefanya kazi.

Tofauti inapatikana kwa vitu vichache vya bei nafuu. Kwenye fomu ya patholojia andika waziwazi: "Mgonjwa ana kipandikizi cha polima inayoyeyuka kilichowekwa mwezi fulani, tafadhali angalia kwa mwanga uliopolaraizwa." Chembe za polima hung'aa chini ya mwanga huo, ndani na nje ya zile seli kubwa. Kuoza kwa aina ya jibini kunaelekeza TB. Kipande kingine, kisichotiwa fomalini (dawa ya kuhifadhia nyama), kipelekwe GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, na kuoteshwa. Hili la fomalini linasahaulika mara nyingi: nyama yote ikitumbukizwa kwenye kopo moja, hakuna kitakachoota tena.

Upande wa pili pia una mtego. Kuwepo kwa skrubu ya kuyeyuka hakumkingi mtu na TB ya ala za kano, ambayo ukifungua unakuta vijipunje kama mchele. Na kwa wavuvi na wauza samaki wa ukanda wa Ziwa Victoria, kumbuka binamu yake TB, Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mchubuko wa mwiba wa samaki. Huyo huota vizuri kwenye digrii 30 hadi 32. Maabara ikimweka kwenye digrii 37 kama kawaida, itarudisha jibu la "hakuna kilichoota" na utabaki unailaumu skrubu.

Unafanyaje mkono ukivimba

Anza kwa kumwangalia mtu kabla ya mkono. Homa, maumivu makali yanayomnyima usingizi, wekundu unaopanda kuelekea kiwiko, tezi za kwapa zilizovimba, kidole kilichovimba chote na kinachouma ukikinyosha: hayo ni maambukizi mpaka yathibitishwe vinginevyo, na hayasubiri kalenda. Mwitikio wa polima kwa kawaida humkuta mtu mzima wa afya anayelalamika zaidi kwa kero kuliko kwa uchungu.

Kama hali ni ya pili na ngozi haijapasuka, inua mkono, weka gango la kuushikilia kifundo kikiwa kimeinama nyuma digrii 20 hadi 30, maungio ya mzizi wa vidole yamekunjwa 70 hadi 90, na vidole vimenyooka. Toa dawa ya maumivu kama ibuprofeni kama tumbo na figo vinaruhusu. Wengine hutulia hapo. Kukiwa na majimaji yanayocheza chini ya kidole, yavute kwa sindano nene kupitia ngozi iliyosafishwa na yenye afya, kando ya ile sehemu nyembamba iliyo karibu kupasuka, kisha peleka kwa rangi ya Gram ya kuonyesha vijidudu, kwa uoteshaji, na kwa kipimo cha TB. Fanya hivyo kabla ya kidonge chochote cha antibayotiki. Aliyekwisha kumeza dozi tatu tofauti na yuko imara, mwachishe kwa wiki 1 hadi 2 ndipo uchukue sampuli.

Ngozi ikipasuka au uvimbe ukizidi, fungua kupitia kovu la zamani. Tafuta kano kwanza, zivute kando. Utakuta kifuko chenye majimaji meupe na chembe kama chumvi au kama vipande vya nta; vitoe vyote, kwangua njia ya pini kwa kijiko cha mfupa, osha kwa chumvi-maji ya kutosha, usiweke polima nyingine mahali hapo. Kama mfupa umeliwa na kubaki shimo kubwa kuliko nusu ya upana wake, ujaze kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe kutoka mwisho wa rediasi (mfupa wa mkono wa mbele upande wa kidole gumba) au nyonga, na ulinde kwa plasta wiki 4 hadi 6. Kiganja kilichotobolewa na uvimbe huvunjika kwa kubeba jerikeni ya lita 20. Antibayotiki ifuate kilichoota, basi.

Tundu linaweza kuendelea kutoa maji kwa wiki nyingi hata baada ya kusafishwa vizuri. Mwambie mgonjwa hivyo siku ile ile, na umwambie pia kwamba majani ya kusagwa na majivu kutoka kwa fundi wa mifupa wa kijijini yatageuza tundu safi kuwa la vijidudu kweli. Asipoambiwa, atakwenda.

Makosa ya siku ya kwanza

Sehemu nzuri ya matatizo haitokani na kemia. Inatokana na watu kuishughulikia polima kama chuma.

Kubwa kuliko yote ni otoklevu, mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke. Kasha limefunguliwa, skrubu 2 zimetumika, 6 zimebaki, na kwa mazoea ya titani zinafungwa tena na kuchemshwa kwa mvuke wa digrii 121 au 134. PLGA na PLLA huanza kulainika karibu na digrii 45 hadi 65, na mvuke wa moto ni maji, yaani adui yule yule anayezikata mwilini, sasa akiwa na kasi. Skrubu inaweza kutoka ikiwa bado ina sura ya skrubu, lakini saa yake ya nguvu imekwisha kuliwa kabla haijamgusa mgonjwa. Hivi vitu husafishwa kiwandani kwa mionzi au kwa gesi ya ethilini oksidi, mara moja. Kilichofunguliwa kisitumike tena.

La pili ni joto la stoo. Paketi nyingi zimeandikwa zisipite digrii 25 na zikae pakavu. Chumba chenye paa la bati Gulu au Moroto mwezi wa Februari hupita hapo kabla ya saa nne asubuhi, na buti la gari lililoegeshwa juani ni baya zaidi. Foili ikiwa imetoboka, unyevu umeshaingia. Tarehe ya mwisho wa matumizi kwa titani inahusu usafi. Kwa polima inahusu nguvu pia, kwa hiyo ile hoja ya "ni ya mwaka jana tu" haifai hapa.

Bamba linahitaji kupashwa ndipo likunjwe, kwa maji safi yaliyotakaswa yenye joto lile mtengenezaji alilotaja, na lina sekunde chache tu kabla ya kuganda tena. Likikunjwa baridi, utaona mstari mweupe kwenye kona: hizo ni nyufa ndogo, na hapo ndipo litakapovunjika. Kasha la msaada likija bila kifaa chake cha kupashia, hilo si kasha la kutumia.

Skrubu nyingi za polima haziwezi kujikatia njia. Toboa kwa kekee ya seti hiyo hiyo, kata nyuzi kwa tapu ya seti hiyo hiyo mpaka mwisho wa tundu, osha unga wa mfupa, kisha ingiza skrubu ikiwa wima kabisa, kwa nguvu ya vidole viwili. Kichwa kikikatika, na kitakatika siku moja, usihangaike kukitoa: toboa katikati yake kwa kekee ile ile na uanze upya. Hilo ni jambo moja ambalo polima inalishinda chuma bila ubishi.

Pini, ambazo kwa mkono mara nyingi ni za milimita 1.3, 1.5 au 2.0, zikatwe usawa wa mfupa. Milimita 1 iliyochomoza ndani ya kiungo inasugua gegedu, na chembe zake zinamwagika moja kwa moja kwenye utando wa kiungo, ambao hauna uvumilivu. Na bamba: ili lifikie ugumu unaotakiwa, la polima hutengenezwa nene kuliko la titani, na likianza kunyonya maji linavimba kidogo zaidi. Juu ya mfupa wa kidole, chini ya kano bapa ya kunyosha, hakuna nafasi hiyo. Tungekubali bamba la polima kwenye kiganja kwa mtu aliyechaguliwa vizuri. Kwenye kidole, hapana.

Kulegea kwa mshiko ndilo tatizo la wiki za kwanza. Polima chini ya mzigo wa kudumu inatambaa, inarefuka kidogo kidogo, na kidole kinaanza kujipinda kikikunjwa. Eksirei itakuonyesha mfupa tu, kwa hiyo hukumu iko kwenye pembe ya mfupa na kwenye ukaguzi wa vidole: mwambie akunje ngumi, vyote vielekee skafoidi, kisilale kimoja juu ya kingine. Piga picha siku ya 7 hadi 10, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, kisha wiki ya 6. Matundu ya kekee yataonekana kwa miezi mingi na hayana neno. Yakipanuka kuliko kekee iliyoyatoboa, pima na uandike.

Magnesi na hewa yake

Magnesi si polima, na ugomvi wake ni mwingine. Ikikutana na maji inatoa hidroksidi ya magnesi na hewa ya haidrojeni. Gramu 1 ya magnesi hutoa karibu lita 1 ya hewa hiyo, hivyo skrubu ya gramu 0.1 ina takriban mililita 100 za kutoa katika maisha yake yote. Ikitoka kwa miezi, damu inaibeba. Ikitoka kwa wiki, inachimba.

Mpasuaji Mbelgiji Albin Lambotte alilijua hili mwaka 1907. Alifunga mguu kwa bamba la magnesi na misumari ya chuma. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi zikawa betri, bamba likaoza ndani ya siku 8 na hewa ikajaa chini ya ngozi. Aloi za leo zimepunguza mwendo sana, ila sheria ya kutochanganya magnesi na chuma kingine mahali pamoja haijabadilika. Na skafoidi, tena, ndiyo iliyolia: mwaka 2017 wapasuaji wa Ujerumani walichapisha matokeo yao ya kwanza ya skrubu za magnesi kwenye mfupa huo na kichwa cha makala yao chenyewe kilitaja mashimo makubwa ndani ya mfupa.

Kwenye eksirei, magnesi inayooza huzungukwa na kivuli cheusi, na mara nyingine hewa inaonekana hata kwenye nyama. Daktari wa zamu asiyejua anaona hewa na kufikiria gangrini ya gesi, maambukizi hatari ya vijidudu vinavyotoa hewa. Mgonjwa wa gangrini ya gesi anaumwa, mapigo yanakimbia, mkono unanuka na unabadilika rangi kwa saa. Mgonjwa wa magnesi amekuja kwa miguu yake akiuliza lini anarudi kazini. Hewa pamoja na mgonjwa mahututi, mpeleke chumba cha upasuaji, magnesi au si magnesi.

Viungo, kano na neva, kwa ufupi

Vipande vya kuyeyuka vya kuwekwa kama mto laini kwenye kiungo kilicholika cha mzizi wa kidole gumba vilitangazwa sana. Kile cha poliyurethani kutoka Uswidi hakikuishinda njia ya kutumia kano ya mgonjwa mwenyewe, na baadhi vililazimika kutolewa kwa sababu ya uvimbe. Kile cha polilaktidi kilipata ripoti ya Helsinki mwaka 2016 ambayo jina lake lenyewe lilisema matokeo ya muda mfupi hayaridhishi. Kano ya mgonjwa haina bei na haimalizi muda wake stoo.

Nanga za kushonea ligamenti ya kidole gumba zikiwa za PLLA zinaweza kuacha shimo lenye maji ndani ya mfupa. Lisipouma, liangalie tu. Mirija ya neva ya PGA ilikusudiwa mapengo yasiyozidi sentimita 3 kwenye neva za vidole, na ngozi ya juu ikiwa nyembamba au imeshonwa kwa kuvutwa, mrija unaweza kujitokeza nje.

Nani awekewe

Mtoto, ambaye kumlaza tena kwa nusukaputi ili kutoa chuma ni hatari na gharama, ni sababu nzuri. Mfupa uliovunjika safi, vipande 2, ngozi nzima, mgonjwa anayepatikana kwa simu: sawa. Kidonda kilichojaa udongo wa barabarani, mkono uliosagwa na mashine ya posho au ya miwa, mfupa uliovunjika vipande vingi, maambukizi yaliyopo: hapana, bila majadiliano. Hapo waya za Kirschner (waya nyembamba za chuma za kushikilia mfupa) za milimita 0.9 hadi 1.2 kwa vidole na 1.0 hadi 1.6 kwa kiganja zinafanya kazi, zinachemshwa kwa otoklevu, zinaonekana kwenye eksirei, na zinatolewa kliniki wiki ya 3 hadi 4 kwa vidole, ya 4 hadi 6 kwa viganja. Njia zake huingia vijidudu mara kwa mara, ni kweli, lakini hilo utaliona wiki ya 2 mgonjwa akiwa bado mikononi mwako. Kwa skafoidi, skrubu ya titani isiyo na kichwa. Mahali isipopatikana, mpe rufaa kwenda kwenye mpasuaji wa mkono, Mulago, Kiruddu au CoRSU ya Kisubi, kuliko kujaribu polima kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini.

Akishawekewa, stika ya paketi ibandikwe kwenye faili, na nyingine kwenye kadi yake. Ipigwe picha kwa simu yake na itumwe WhatsApp kwa ndugu mmoja, kwa sababu simu za Kampala hazikai. Kwenye kadi andika kwa mkono, herufi kubwa: mkono wa kulia, mfupa wa kiganja wa 5, bamba 1 na skrubu 4 za PLGA, milimita 2.0, tarehe, namba ya toleo. Hazionekani kwa eksirei. Ukivimba wakati wowote ndani ya miaka 5, onyesha kadi hii kabla ya kupewa antibayotiki au dawa za TB.